Nzomo, Jipu na Sufuria Yangu Kubwa

Nzomo alifanya nifukuzwe mahali pangu pa kuuzia uji kwa kosa lililokuwa lake yeye, kisha akabaki na sufuria yangu kubwa. Naanza na hilo ili mtu asije akacheka katikati ya habari hii akasahau aliyedhulumiwa ni nani. Kucheka atacheka. Hata mimi nikiisimulia hucheka, halafu naikumbuka sufuria.

Nzomo ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu Ndunge. Kwao ni upande wa Kalimoni. Alizaliwa mwaka ambao mama yake haukumbuki, ila anakumbuka kwamba mbuzi walikuwa wamekwisha. Alipokuwa mtoto alifungua bawaba za mlango wa kanisa apate kuona kinacholia ndani yake ni nini, na mlango ukamwangukia katekista. Alichapwa, lakini mlango aliurudisha mwenyewe, na tangu siku hiyo haukulia tena. Hilo nakiri. Mkono anao.

Vita vya Hitila vilipokuja akaandikwa jeshini, akapelekwa Burma kuwa fundi wa malori. Alirudi mwaka wa arobaini na sita na koti refu, spana kumi na moja zilizofungwa ndani ya turubai, na hadithi. Spana hakumwazima mtu yeyote. Hadithi alizigawa bure, na ndizo zilizotuletea balaa.

Iliyopendwa kuliko zote ni ile ya risasi. Lori lao lilitobolewa rejeta, lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini, na maji yote yakamwagika msituni. Kulehemu hakukuwezekana. Nzomo akaenda jikoni kwa askari, akachukua uji mzito, akaumimina ndani. Uji ukafika kwenye tundu, ukaiva pale pale, ukaziba. Wakaenda maili arobaini. Hadithi hii aliisimulia harusini, matangani na kila siku ya soko, na kila mara maili ziliongezeka. Mara ya mwisho nilipoisikia zilikuwa tisini.

Baada ya vita alipata kazi katika shamba moja la kahawa nje ya Ruiru, akawa fundi wa gereji yao. Ilikuwa gereji ya mabati yenye mlango mpana, na nje ya mlango huo, chini ya upenu, ndipo palipokuwa mahali pangu. Hizo zilikuwa siku za Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali. Wenzetu Wakikuyu walikuwa wamefungiwa katika vijiji, hawatoki bila pasi, na kazi nyingi za shamba zikatushukia sisi tuliotoka Ukambani. Watu walikuwa wengi na kila mtu alikuwa na njaa. Nilichuma kahawa misimu miwili nikanunua sufuria kubwa katika duka la Mhindi mjini Thika, ya alumini, yenye mfuniko uliokaa sawasawa. Kwa sufuria hiyo nilipika uji wa wimbi uliochachuka vizuri, na kwa uji huo nikalisha watoto watatu bila kumwomba mwanamume yeyote chumvi. Kando yangu alikaa Tausi, mzaliwa wa Majengo ya Thika, aliyeuza mandazi. Mtu alichovya mandazi ya Tausi katika uji wangu, akafuta mdomo, akarudi kazini. Ndivyo tulivyoishi.

Nzomo alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na nilikuwa naitazama kila siku kama watu wengine wanavyotazama ngoma. Gari likiletwa bovu hakushika spana. Alilizunguka kwanza, akaligonga mara tatu kwenye boneti kama mtu anayebisha hodi, akaweka bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, akasikiliza. Mtu akimwambia afanye haraka alijibu, "Mgonjwa huulizwa kwanza, dawa baadaye." Hilo alilisema vizuri. Ningependa alifuate na kwa watu.

Sasa, katika shamba hilo palikuwa na jipu, lile gari dogo la wazi la askari. Ilikuwa imebaki kutoka vitani, na bwana wa shamba aliinunua kwenye mnada wa jeshi. Kufikia mwaka wa hamsini na saba, ambao ndio mwaka wa habari hii, rangi ilikuwa imebambuka na viti vilikuwa magunia ya kahawa yaliyojazwa nyasi. Lakini ndiyo gari pekee lililoweza kupanda njia ya mawe hadi bwawani kupeleka mafuta ya pampu. Jipu isipopanda, pampu hailii, na pampu isipolia miche ya kahawa inakauka. Dereva wake alikuwa Urbanus, mtu mwembamba, mpole, mwenye kofia ambayo aliivua hata kwa kuku.

Urbanus alikuwa na tabia moja iliyotusumbua mimi na Tausi. Kila Jumatatu asubuhi alinunua uji vikombe viwili. Kimoja alikunywa pale pale. Cha pili alikibeba kwa uangalifu nyuma ya gereji.

"Hicho cha nani?" nilimwuliza siku ya kwanza.

"Cha mgeni wangu, mwaitu," akasema, maana ndivyo kwetu tunavyomwita mama, na kofia mkononi.

Mgeni huyo alikaa miezi mitatu. Tausi alikuwa ameshamjengea nyumba kichwani mwake. "Ni mwanamke wa kule Kiuu," alisema. "Mwanamume hambebei mama yake uji akitembea polepole vile."

"Na mbona hatujamwona?"

"Ana aibu. Au ana mume."

Basi Jumatatu moja, baada ya mvua za kwanza, jipu ikarudi kutoka bwawani ikitoa mvuke kama chungu cha githeri. Kwenye saa ya joto, ile iliyo mbele ya dereva, mshale ulikuwa umelala kabisa upande wa wekundu. Urbanus alishuka akiwa amelowa jasho kuliko injini.

Nzomo akaja, akagonga boneti mara tatu. "Umelala wapi, mzee?" akaiuliza jipu. Kisha akanijia mimi. "Shemeji, niazime sufuria."

"Nina watu hapa wanasubiri uji."

"Ni dakika tano tu."

Dakika tano za Nzomo zilikuwa asubuhi nzima. Alichemsha maji katika sufuria yangu, akachomoa ile ncha ya saa ya joto iliyo kwenye injini, akaitumbukiza. "Nataka kujua kama mshale ni mwongo," akanieleza. "Mshale ukisema uongo, tutamtibu mzima bure." Maji yakatokota na mshale ukapanda pale pale ulipotakiwa. Haukuwa mwongo. Jipu ilikuwa na homa ya kweli.

Jumanne akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba; ulikuwa umekaza. Akaosha rejeta kwa nje, maana matundu yake yalikuwa yamejaa vumbi na maganda ya kahawa. Urbanus akaipeleka mlimani, ikarudi inachemka. Akafungua mdomo wa rejeta injini ikiwa inanguruma, akachungulia kama kuna povu linalotoka ndani au mafuta yanayoelea, kwa sababu hayo ni dalili kwamba injini imepasuka mahali. Hakuona dalili hata moja.

Jumatano akataka sufuria tena. Safari hii alifunga kwa uzi kijikopo kidogo cha shaba, ambacho alisema ni mlango wa maji: injini ikiwa baridi hufunga, ikipata moto hufungua. Akakining'iniza ndani ya maji yanayopata moto, sisi sote tukainama kutazama. Kijikopo kikafunguka polepole kama jicho la mtu anayeamka.

"Kumbe nacho ni kizima!" Nzomo akasema, na nilisikia sauti yake ikishuka.

Ni hapo Bwana Saa alipotukuta. Huyo alikuwa meneja, na jina hilo alipewa na wafanyakazi kwa sababu kabla hajasalimu mtu alitazama saa yake. Aliona fundi, dereva, wasukuma toroli wawili, Tausi na mimi, vichwa vyote juu ya sufuria.

"Hii nini? Nzomo! Mimi nataka gari, hapana taka hoteli!"

"Tunapima, bwana."

"Siku tatu napima, napima, nakunywa uji!" Akatazama saa. "Sikia. Jumamosi saa tatu hii jipu napanda bwawani. Kama nachemka tena, hii mama yote natoka hapa. Uji kwisha, mandazi kwisha."

Akaenda zake. Tausi akaketi juu ya debe lake. "Kamene," akaniambia, "mimi nitarudi Majengo. Wewe utakwenda wapi?"

Sikuwa na pa kwenda. Kwa hiyo kuanzia hapo homa ya jipu ilikuwa homa yangu. Alhamisi Nzomo alipofungua hiki na kile, nilikuwa nimesimama nyuma yake kama mkwe aliyekuja kudai mbuzi.

"Shemeji, unaniziba mwanga," akasema.

"Nawe unaniziba riziki. Endelea."

Ijumaa, saa nne hivi, Urbanus alirudi kutoka majaribio mengine, akaisimamisha jipu karibu kabisa na meko yetu. Nzomo akafunika mfuniko wa rejeta kwa gunia, akageuza uso, akaufungua. Mvuke ukaruka, ukatufunika sisi wanawake wawili.

Tausi akapiga kelele. "Kamene! Uji wako unaungua!"

Nikageuka. Moto wangu ulikuwa majivu. Sufuria ilikuwa tupu tangu saa tatu.

Nikasimama pale pale nikavuta pumzi. Mimi sikuona darasa, sijui kusoma hata jina langu likiandikwa, lakini hakuna mtu Ruiru hii atakayenifundisha harufu ya uji wangu. Ulikuwa wimbi. Ulikuwa umechacha siku mbili, kama ninavyouchachusha mimi. Na ulikuwa unaunguzwa.

Nikaenda kwenye jipu. "Shemeji, pisha."

"Utaungua."

"Nimeungua tangu nizaliwe. Pisha."

Tulingoja kidogo joto lipungue, kisha nikapitisha kiganja mbele ya rejeta, kutoka juu kwenda chini, kama ninavyopitisha ubavuni mwa sufuria kujua uji umefika wapi. Juu palikuwa moto wa kuchoma. Nikashuka. Katikati, na chini upande wa kushoto, palikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Weka mkono hapa," nikamwambia Nzomo. Akaweka. "Na hapa." Akaweka. "Maji ya moto hayapiti hapa chini. Humu kuna ukoko. Sufuria ikishika ukoko, moto hauingii wala hautoki. Ongeza kuni utakavyo, utaunguza tu."

Nzomo akapitisha kiganja tena mwenyewe, juu hadi chini. Nami nikamgeukia dereva.

"Urbanus, mgeni wako ni nani?"

Urbanus akavua kofia. Alitazama jipu, akatazama miguu yake. "Ilikuwa inavuja kidogo tu, mwaitu," akasema. "Hapa pembeni. Nikaogopa wataniambia nimeigonga. Nikamkumbuka fundi na ile habari ya Burma. Nikawa naipa kikombe kimoja tu, Jumatatu. Inaziba vizuri kabisa, mpaka Jumapili."

Tausi aliketi chini, leso usoni, mabega yakimtikisika. "Mwanamke wa Kiuu!" alikuwa akisema. "Jamani! Mwanamke wa Kiuu ana magurudumu manne!"

Mimi pia nilicheka mpaka nikashika mlango. Nzomo peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa amepata rangi ya majivu, kwa sababu kila mtu pale alijua hadithi ya Burma ni ya nani.

"Nyie, polepole," akasema. "Bwana Saa asisikie. Shemeji, nisaidie. Ukoko unautoaje?"

"Kwa magadi. Nyumbani kwako Ndunge anautoaje?"

Nilikuwa na magadi ya kulainishia mahindi, fungu zima. Tukayachemsha katika sufuria yangu mpaka maji yakawa makali. Nzomo akayamimina ndani ya rejeta, akawasha injini, akaiacha ingurume, akaizima, akafungua chini. Kilichotoka sitakisahau. Kilikuwa uji wa miezi mitatu, wa kijivu, mzito, wenye vipande vya ukoko kama magamba ya mti. Tukarudia mara nne. Kisha akaifungua rejeta yote, akaigeuza juu chini, akapitisha maji ya bomba kwa nguvu kutoka chini, mpaka yakatoka meupe. Pale palipokuwa panavuja akapalehemu, kama ilivyopasa kufanywa tangu mwanzo. Jua lilikuwa bado halijazama tulipomaliza. Sufuria yangu ndani ilikuwa imekuwa nyeusi, imeliwa vidoadoa, kwa sababu alumini na magadi makali havipatani. Nilijua hivyo tangu mwanzo. Niliitoa ili niokoe mahali pangu.

"Nitakununulia nyingine, shemeji," Nzomo akasema. "Acha hii hapa nimalizie kuoshea spana."

Jumamosi saa tatu Bwana Saa mwenyewe alipanda jipu, akakaa kando ya Urbanus. Tuliisikia ikipanda mlima, ikibadilisha gia, ikinyamaza kule juu, kisha ikirudi. Wafanyakazi kumi na wanne walikuwa mlangoni. Niliwahesabu, kwa sababu wote hao ni mashahidi wangu. Jipu ikasimama. Haikutoa mvuke hata wa kutosha kuchemsha yai. Mshale ulikuwa katikati, umetulia.

Bwana Saa akashuka akicheka. "Nzomo! Wewe daktari! Shida nini?"

Na Nzomo, aliyekuwa amevaa lile koti refu la Burma saa tatu asubuhi, jua likiwaka, akajibu. "Niliweka mkono, bwana. Juu moto, hapa chini baridi. Nikajua ndani kuna ukoko. Sufuria ikishika ukoko, bwana, moto hauingii wala hautoki."

Nilisikia maneno yangu yakitembea katika mdomo wake yamevaa viatu vyangu. Nilijiambia, acha achukue sifa, mradi upenu ubaki.

"Ukoko gani?" Bwana Saa akauliza. "Ndani iko nini?"

"Uji, bwana."

"Uji? Nani naweka uji kwa gari yangu?"

Kofia ya Urbanus ilikuwa imeshavuliwa. Nzomo alimtazama Urbanus, na nikaona akihesabu: Urbanus akiulizwa, atasema alifundishwa na nani. Akatazama spana zake kumi na moja. Halafu akanitazama mimi.

"Uji ni wa huyu mama, bwana."

Hakusema uongo. Ndiyo maana inauma. Uji ulikuwa wangu kweli.

Bwana Saa hakuuliza zaidi. Akatazama saa, akanionyesha barabara. Wanaume kumi na wanne walitazama chini kana kwamba wamepoteza sindano. Tausi peke yake ndiye aliyefungua mdomo. "Na mimi, bwana?"

"Wewe kaa. Mandazi hapana ingia rejeta."

Niliondoka nikiwa na upawa, kibuyu na vikombe. Sufuria ilikuwa ndani ya gereji, imejaa spana. Sikurudi kuiomba, mtu hafukuzwi akarudi kuomba.

Asije mtu akadhani nililala njaa. Nilikwenda karibu na stesheni ya Ruiru, nikaanza na chungu cha kuazima, na watu wa reli ni wanywaji wazuri. Tausi alikaa pale mlangoni wiki moja tu, kisha akanifuata, akisema mandazi bila uji hukwama kooni. Saa nne ikifika, wale wafanyakazi wa shamba hukata njia kupitia mashamba waje kwetu, na Bwana Saa anasimama gerejini akitazama saa yake bila mtu wa kumwonyesha. Urbanus huja Jumatatu. Bado ananunua vikombe viwili, na sasa nasimama mbele yake mpaka anywe vyote viwili. Alinipigia magoti siku moja akaniomba radhi, kofia chini. Nilimsamehe. Yule alikosea kwa kuamini hadithi.

Ndunge, ambaye ni dada wa kweli, alipoisikia habari hiyo aliacha kupika uji nyumbani. Ni mwaka wa pili sasa. Nzomo anakunywa chai ya rangi asubuhi, na mara nyingine humtuma mtu aje kwangu na kikombe, akisema ni cha mgeni. Namjazia, kwa kuwa namjua mwenye kikombe kile. Naweka na sukari. Sitaki aseme nilimlipa ubaya.

Wamempandisha, anaitwa fundi mkuu, na mafundi wawili wako chini yake. Nasikia anawafundisha kupima rejeta kwa kiganja, kutoka juu kwenda chini. Nasikia pia kwamba sufuria yangu imetundikwa kwenye msumari ukutani, na gari lolote likiletwa lina homa huishusha, huchemsha maji, huning'iniza kile kijikopo, na wote huinama kutazama. Hadithi ya Burma ameiacha kabisa.

Basi hesabu yangu ni fupi. Urbanus simdai. Bwana Saa simdai, maana hakujua, na mtu asiyeuliza hajui. Ninayemdai ni Nzomo, mume wa mdogo wangu. Nadai mambo mawili. La kwanza ni asimame katika mlango wa gereji, saa nne, Jumatatu, mbele ya Bwana Saa na watu wale kumi na wanne, aseme kwamba aliyeweka mkono ni Kamene na aliyefundisha kutia uji ni yeye. Si lazima avae koti. La pili ni sufuria. Mpya sitaki tena. Nataka ile ile nyeusi, ishushwe msumarini, aibebe mwenyewe kichwani kupitia shambani mpaka stesheni, mchana, watu wakiona, na asisahau mfuniko wake.